Kaski ya dola 400 ya kuzima makelele: kwetu huku sikio ni mlinzi



Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho vijana wetu wanakitamani sana: zile kaski kubwa za masikioni zinazozima makelele. Wanaziona kwenye simu, kwa wachezaji wa mpira wanaposhuka kwenye basi, au kwenye picha za ndugu walio Ulaya na Marekani. Kijana akipata pesa kidogo ya biashara au ya mavuno anauliza: je, zinastahili bei yake?

Jibu langu nalitoa mapema ili asiyekuwa na muda asingoje. Kwa wengi wetu wa huku, hapana. Mashini yenyewe si mbaya, tena inafanya kazi yake vizuri sana. Lakini kazi hiyo si ile tunayoihitaji, na mara nyingine ni kinyume cha ile tunayoihitaji.

Mashini hii inafanya nini hasa

Sauti ni mtikisiko wa hewa, inakuja kwa mawimbi kama maji ya ziwa. Kaski hizi zina mikro ndogondogo zinazosikiliza makelele ya nje. Kisha chombo kidogo kilichomo ndani kinatengeneza wimbi lingine la kinyume: pale wimbi la kwanza linapopanda, la pili linashuka. Mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana, na sikio linabaki na kimya.

Mmarekani Amar Bose, profesa wa chuo kikuu cha MIT, alianza kuipigia hesabu kazi hiyo mwaka 1978 akiwa safarini ndani ya ndege, maana ngurumo ya injini ilikuwa inamharibia muziki. Kampuni yake ilitoa kaski ya marubani mwaka 1989, na mwaka 2000 ikatoa ya wasafiri wa kawaida.

Tushike hapo: kitu hiki kilizaliwa ndani ya ndege. Kelele ya ndege ni ngurumo nzito, ya namna moja, isiyobadilika kwa saa nyingi. Hiyo ndiyo mashini inaiweza. Inaweza pia ngurumo ya jenereta, ya basi, ya lori na ya kinu cha kusaga. Lakini sauti inayokuja ghafla na kukatika, kama mtoto anayelia, mbwa anayebweka, mlango unaogongwa au sasi moja usiku, hiyo mashini haiiwezi vizuri. Mito ya kaski inaipunguza kidogo, basi.

Sasa mtu ajiulize: ni kelele gani inayomnyima usingizi mkimbizi aliyelala na watu 12 katika chumba kimoja? Si ngurumo ya ndege. Ni kikohozi, ni mtoto, ni maneno ya watu, ni kushtuka. Utalipa bei kali ili kuzima kelele usiyokuwa nayo, na ile uliyo nayo itakufuata ndani ya kaski.

Bei, na zile za uongo

Kaski ya Sony inayoitwa WH-1000XM5 ilipotoka mwaka 2022 iliuzwa dola 399 kule Marekani. Ile ya Bose, QuietComfort Ultra, ilitoka mwaka 2023 kwa dola 429. AirPods Max ya Apple ilitoka Desemba 2020 kwa dola 549. Hizo ni bei za kwao, kabla ya usafiri, kabla ya forodha, kabla ya faida ya mfanyabiashara.

Tuchukue dola 400. Ni karibu franga milioni moja. Anayelima shamba la mtu kwa franga 5 000 kwa siku atatumika siku 200 ndipo azifikishe, na asile, asivae, asinunue hata sabuni. Kwa familia iliyoacha nyumba na mbuzi nyuma, pesa hiyo ni kodi ya nyumba, ni mbegu ya maharagi na viazi, ni mtaji wa kuanza kuuza unga au mafuta ya ngazi.

Mtu atasema: lakini Butembo zipo za bei ndogo! Ni kweli, zipo. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na vitu vinatoka Dubai na China, vinapita Kasindi, vinajaa maduka. Ila kaski yenye jina kubwa ikiuzwa kwa dola chache, jina hilo limebandikwa tu. Na yale maneno ya kuzima makelele yaliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi yanahusu mikro ya kupigia simu: yule unayeongea naye hasikii makelele yako, lakini wewe unayasikia yote.

Jaribio lake ni rahisi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji uvae kaski ukiwa karibu na jenereta inayonguruma. Usiweke muziki. Washa kile kitufe cha kuzima makelele, kisha kizime, kisha uwashe tena. Ikiwa ngurumo haipungui na kurudi, hakuna mashini ndani, umeshika plastiki na sponji. Muuzaji akikukataza kujaribu, amekwisha kukujibu.

Kuna pia jambo la batri. Ile ya Sony inakaa karibu saa 30, ile ya Apple karibu saa 20. Ni vizuri. Lakini katika vijiji vyetu watu wanalipa ili kuchaji simu kwa mwenye sola. Kaski ni mdomo mwingine wa kulisha. Na batri hiyo ikichoka baada ya miaka, si kama ile ya redio unayotoa na kuweka nyingine. Imefungiwa ndani, na mafundi wengi hawana kipuri chake.

Redio ndiyo sababu kubwa

Hapa nazungumza kama mtu wa habari. Wengi wenu mnasikiliza redio kwenye simu. Je, mmeona kwamba simu nyingi zinakataa kufungua redio mpaka uchomeke ekutere ya waya? Si simu kuwa na kichwa kigumu. Ule waya ndio antena. Simu inatumia waya wa ekutere kuvuta mawimbi ya FM, na bila waya haina cha kuvutia.

Kaski za bei kali zinaungana na simu bila waya. Maana yake, kijana atavaa kaski ya dola 400 na, akiitumia bila waya, mara nyingi hatapata redio ya FM kwenye simu yake, wakati jirani mwenye ekutere ya waya ya franga kidogo sana anaipata. Wengine watasema wataisikiliza kwa intaneti. Sawa, siku ambayo mtandao upo na mega zipo. Lakini siku mambo yanapoharibika, mtandao ndio wa kwanza kukatika. Watu wa kusini mwa Lubero mnajua: antena ya simu ikizimwa, kinachobaki ni redio na mdomo wa msafiri.

Radio Okapi ilianza Februari 2002, nchi ikiwa imekatwa vipande na vita, na tangu hapo inatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Kabla ya Okapi na baada yake, redio zetu ndogo za jamii ndizo zilizotangaza mtoto aliyepotea njiani, barabara iliyofungwa, mahali pa chanjo, siku ya kugawa chakula. Vita hivi vya karibuni vimenyamazisha nyingi. Zile zinazosikika bado zinahitaji masikio, na masikio hayo yanahitaji chombo cha bei ndogo kinachofanya kazi bila mtandao.

Tena redio ni ya wote. Ukiiweka katikati ya kiwanja, baba anasikia, mama anasikia akipika, jirani anasikia kupitia ukuta, mtoto anauliza neno hili ni nini, mzee anaeleza. Kaski ni ya mtu mmoja. Habari ya hatari ikipita, mmoja tu anajua. Katika nyumba ya wakimbizi ambamo mafamilia matatu yanaishi pamoja, sioni faida ya habari iliyofungiwa katika kichwa kimoja.

Hata kwa kazi yetu ya uandishi, kaski za namna hii si za lazima. Mwandishi anayerekodi anataka kusikia ubaya wote wa sauti yake: upepo kwenye mikro, lori linalopita, jogoo. Chombo kinachoficha makelele kinamdanganya. Kaski ya Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991 na bado inatumika katika studio nyingi za dunia, ina waya, haina batri, haizimi kelele kwa umeme, na bei yake ni kama robo ya hizi.

Sikio ni mlinzi

Sasa tufike kwenye jambo zito. Ndugu zangu, nani kati yetu ameokolewa na macho usiku? Sisi tumeokolewa na masikio. Luofu haijasahau Aprili 2009, wapiganaji wa FDLR walipovamia na kuchoma nyumba usiku, na watoto wakafia motoni. Miriki haijasahau Januari 2016. Na mwishoni mwa Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23, maelfu ya familia za Kanyabayonga, Kayna na Kirumba zilishika barabara ya kaskazini; nyingi ziliamua saa ya kuondoka kwa kupima mlio: uko mbali, unakaribia, umevuka mlima.

Huko Beni na Butembo vilevile. Watu wanajulishana hatari usiku kwa filimbi na kwa kupiga masufuria. Hiyo ni kengele ya maskini, haina batri, haina mtandao. Lakini inadai kitu kimoja tu: anayelala awe anasikia. Kijana aliyelala na kaski, muziki ukiwa juu, ameondoka katika ulinzi wa nyumba yake. Tena amewapa wengine kazi ya kumtafuta na kumtikisa wakati wengine wanakimbia.

Na si usiku wa vita tu. Tazameni barabara. Nilisema mashini hii inaua hasa ngurumo nzito ya injini. Basi kwa anayetembea kwa miguu kwenye barabara ya Butembo, au anayesukuma chukudu, au mwenye pikipiki, sauti inayouawa ndiyo ile ya lori linalotoka nyuma! Kitu kinachomsaidia msafiri wa ndege kinamtoa mwenye miguu katika hesabu ya barabara. Wenye pikipiki wanaobeba abiria na masikio yamefungwa, tafadhali waacheni. Na wewe abiria una haki ya kumwambia avue kabla hujapanda.

Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa. Tusilinunue sikio hilo kwa dola 400.

Wenye kuzitetea wana hoja

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuna watu wanne ambao hoja zao nazipokea.

Wa kwanza ni anayelinda masikio yake. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema mtu anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 mpaka saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 ni saa nne tu kwa wiki. Anayesikiliza muziki katikati ya makelele anapandisha sauti ili ashinde makelele, na polepole anaua masikio yake. Kaski ya kuzima makelele inamruhusu asikilize kwa sauti ndogo. Hiyo ni kweli. Lakini njia nyingine haina bei: ondoka kando ya bafle, punguza sauti, pumzisha masikio.

Wa pili ni mtumishi wa kinu, fundi mbao, mwenye msumeno wa mashini msituni. Huyu anaumia kweli, na miaka kumi baadaye anaongea kwa kupiga kelele maana hasikii. Lakini dawa yake si kaski ya muziki. Dawa yake ni kaski ya kazi, ile ya plastiki nene na sponji, isiyo na umeme wowote, inayofunga sikio dhidi ya kelele za aina zote. Bei yake ni ndogo mara nyingi kuliko ya Sony, na ni tajiri wa kinu ndiye anapaswa kuinunua.

Wa tatu ni mwanafunzi anayetayarisha mtihani wa serikali katika nyumba iliyojaa watu. Ninamhurumia sana. Kwake vizibo vya sponji vya masikioni, vinavyouzwa kwa bei ndogo katika maduka ya dawa mjini, vikiwekwa vizuri vinapunguza sauti za watu, tena bila kuchaji. Atumie mchana, au jioni wakati watu wazima wa nyumba bado wako macho.

Wa nne ni yule mwenye kuumia rohoni. Tunao wengi: mama anayeruka radi ikipiga, mtoto anayejificha chini ya kitanda mtu akiangusha sufuria. Mtu anaweza kufikiri, tumpe kimya. Kwa wengine kimya cha saa moja mchana kinasaidia, sikatai. Lakini wengi waliokimbia usiku hawawezi kulala wakiwa hawasikii; ukiwafunga masikio, moyo ndio unaamka. Kinachowatuliza ni kujua kwamba mtu mwingine anasikiliza kwa ajili yao. Na hali ikizidi, kituo cha afya kina kazi yake, na pale penye wasaidizi wa kisaikolojia wa mashirika, tusione haya kuwapeleka watu wetu. Hakuna kaski inayotibu hofu.

Juu ya heshima

Kijana mmoja anaweza kuniambia: "Mukubwa, kwa hiyo sisi wakimbizi tununue maharagi tu? Kitu kizuri ni cha wengine?" Swali hilo lina haki, na sitaki kulikwepa. Mkimbizi si tumbo tu. Anapenda muziki, anapenda kupendeza, na hakuna aliyepewa mamlaka ya kumpangia apende nini. Pesa yako uliyoitolea jasho ni yako. Ndugu yako wa Ulaya akikutumia kaski kama zawadi, pokea kwa furaha, usiitupe kwa sababu ya maneno yangu.

Nasema tu: kama ni kupendeza, jua unalipia kupendeza, usijiambie unanunua usingizi au usalama. Na mbele ya macho ya watu wenye silaha barabarani, kitu cha bei kali kichwani si heshima, ni mwaliko. Simu peke yake zimewaletea vijana wetu matatizo ya kutosha kwenye barrière.

Pesa hiyo ingefanya nini

Kama familia moja, au tuseme kikundi cha vijana, kina dola 400 za kweli, mimi ningezigawa hivi. Kwanza redio ngumu ya FM yenye sola yake na tochi, moja kwa kiwanja, na nyingine kwa majirani. Pili, pano ndogo ya sola ya kuchaji simu: inachaji za nyumbani, na za wengine kwa malipo kidogo, kwa hiyo inarudisha pesa. Tatu, ekutere ya waya kwa kila simu yenye FM, ikae mfukoni hata kama simu ni mpya, maana siku mtandao ukikatika waya huo ndio mlango wa habari. Nne, filimbi moja kwa kila nyumba. Kinachobaki, na kitabaki kingi, kiwe mbegu au mtaji.

Na kwa wale walio na kaski tayari, za bei kali au za bei ndogo, naomba kanuni tatu tu. Barabarani, vueni. Usiku, msilale nazo. Na kama mtu ni lazima afunge masikio kwa sababu ya ugonjwa au mtihani, awaambie wa nyumba, na mmoja abaki masikio wazi. Mchana mkiwa mahali salama, sikilizeni muziki wenu, sauti iwe ya kadiri, mfurahi.

Siku itafika, tukiomba na tukiidai, ambayo mtoto wa Luofu ataweza kulala na masikio yamefungwa kabisa na asipoteze kitu ila jogoo wa alfajiri. Siku hiyo mtu akiniuliza tena bei ya kaski, nitamwambia anunue kama ana pesa. Kwa sasa tubaki na masikio wazi, na redio katikati ya kiwanja.